Mkungu wa Ndizi Uwanjani Kasese

Juzi, kwenye uwanja wa ndege wa Kasese, mama mmoja kutoka Karambi alimletea mwanawe rubani mkungu wa ndizi mbivu. Kijana alikuwa karibu kupaa na ndege nyembamba ya mota ya umeme. Ikishafika juu, mota huzimwa na ndege huelea kwa upepo.

“Utafika kwa shangazi yako Fort Portal mikono mitupu?”

“Mama, jua iko kali, hewa imekuwa nyepesi, na nyasi ni refu. Nikiongeza mzigo, uwanja itaisha mbele sijapaa.”

Mama akachungulia ndani. “Hiyo betri iko mzito kuliko ndizi. Toa betri.”

Sisi watazamaji hatukucheka. Kijana aliinamisha kichwa. Mama akakwanyua ndizi mbili, akazimenya, akamlisha kwa mkono wake.

“Basi beba kwa tumbo.”

Ndege iliacha nyasi karibu kabisa na mwisho wa uwanja. Mama alisimama ameukumbatia mkungu mpaka mota ikanyamaza, na mabawa yakabaki juu.

Nimesoma fizikia chuo kikuu, najua ndizi haipungui uzito kwa kuliwa. Nilimwona mama akianza kupumua tena, nikanyamaza.