Ufagio wa Shangazi na Majani ya Papa

Jirani yangu hapa Bunia hufagia uwanja wake alfajiri kwa ufagio wa vijiti. Nikisikia tu vile vijiti vinavyokwaruza udongo, nawaambia ukweli, hasira ya utotoni hunipanda kabla sijafumbua macho.

Papa, baba yangu, alikuwa na uwanja wa majani mafupi mbele ya nyumba, mwenyewe akiuita pelouse. Aliupenda kuliko redio yake. Mgeni alionyeshwa majani kwanza, kiti baadaye. Kisha dada yake mkubwa, Shangazi, akakimbia vita huko Djugu na kuja kukaa katika chumba chetu cha pembeni. Alifika na furushi moja, na kesho yake alikuwa amekwisha kujitengenezea ufagio. Kila asubuhi alifagia mbele ya mlango wake kwa nguvu zote, mpaka majani yakang'oka na udongo mwekundu ukabaki wazi kama upara.

Kazi ya kuuziba upara huo nilipewa mimi. Kila Jumamosi nilichimba vipande vya majani kando ya barabara, nikavipanda kimoja kimoja, nikavikanyaga, nikavimwagilia maji niliyoyachota mwenyewe kisimani. Papa alikuwa amesema wazi kwamba upara usipozibwa, hakuna kwenda kwaya. Nami nilikuwa nimechaguliwa kuimba solo ya Noeli parokiani! Jumatatu vipande vyangu vilikuwa rundoni pamoja na takataka.

"Papa, mumuambie Shangazi aache kufagia," nilimwomba.

"Weye panda tu."

"Lakini yeye anang'oa yote!"

"Furaha, nimesema panda."

Nikamwendea Shangazi mwenyewe, nimevimba kwa hasira. Aliegemea ufagio, akanitazama kwa huruma kama vile nina homa.

"Mutoto wangu," alisema, "majani ikifika ku mulango, watu watasema humu hamuna mutu."

Nani angesema hivyo, na sisi tulikuwa tumejaa nyumba nzima, tukigombania hata choo? Solo aliimba msichana mwingine, na sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza. Niliketi benchi ya nyuma, nimekunja uso misa nzima.

Shangazi alifariki kwetu, bila kurudi kwake. Msimu wa mvua uliofuata, majani yangu yalishika. Yalifunika upara wote, mabichi na laini, nikawa naringa. Siku moja nikatoka shuleni na kumkuta Papa ameinama mbele ya mlango ule, anayang'oa kwa jembe. Papa, mwenye pelouse yake! Nilipiga kelele, nikalia, nikamkumbusha Jumamosi zangu zote. Alichukua ufagio wa Shangazi, akafagia.

Nilikuwa mtu mzima nilipopelekwa kuiona nyumba ya Shangazi huko Djugu. Kuta zilikuwa bado zimesimama. Mlango ndio sikuuona. Ilibidi niyatenganishe majani kwa mikono miwili. Hapo nilielewa kwa nini Papa, aliyeweza kunipigia mimi kelele, alishindwa kumwambia dada yake neno moja tu. Hasira ikanipanda tena, ila safari hii sikujua nimkasirikie nani. Nikainama, nikaanza kuyang'oa.