Shimo Alilonichimbia Shemeji

Shemeji yangu ni mtu mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ukifika katikati ya habari hii utamchukia, kama nilivyomchukia mimi, na sitaki uniache njiani.

Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tunakaa jirani hapa Mabira, kibanja chake cha migomba na changu vimetenganishwa na mstari wa miti ya mpaka tu, na kuku wake wanakula kwangu kuliko wanavyokula kwake. Nilipougua, yeye ndiye alinipeleka kwenye gari kwa pikipiki yake mara ya kwanza, akiendesha taratibu kama amebeba mayai.

Saratani ilikuwa kwenye titi la kushoto. Madaktari wa Mwanza walitaka dawa iusinyaze uvimbe kwanza, ndipo waukate. Dawa yenyewe ni ya dripu, nyekundu kama juisi ya rosela, na ukienda haja ndogo inatoka nyekundu vilevile, unaweza kudhani unaishiwa damu. Siku ninayoisema nilikuwa narudi kutoka kwenye dripu ya pili, nikiwa na binti yangu aliyeolewa Kihanga. Basi lilitushusha Kayanga, tukapanda gari dogo, kisha bodaboda. Kila shimo la barabara nililisikia tumboni. Nywele zilikuwa zimeanza kubaki kwenye kitambaa.

Nilichotaka ni kitanda. Lakini mimi nikirudi safari lazima nizunguke kibanja kwanza, ndivyo mama yangu alivyonilea. Nikapita nyuma ya jiko, nikapita kwenye mibuni, nikafika kaburini kwa mume wangu. Kando ya kaburi nikakuta migomba miwili imeng'olewa na mizizi yake. Udongo umefukuliwa, na kuzunguka hapo pametobolewa matundu matundu. Mtalimbo wa shemeji ulikuwa umeegeshwa kwenye mgomba wa pembeni.

Nilielewa kabla binti yangu hajaelewa. Sisi huku tunazika nyumbani, ndani ya migomba, na mke hulazwa kando ya mumewe. Nikamwambia binti akamwite baba yake mdogo.

Alikuja akifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo shemeji, mmerudi salama?"

Sikuitikia. Shikamoo ya mtu haikataliwi, najua, lakini siku hiyo niliikataa.

"Hili shimo ni la nini?"

Akatazama chini. Kisha akajieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza kazi, si ya mtu mwenye hatia. Akanikumbusha mazishi ya kaka yake. Kilima chetu hiki kina mwamba. Siku ile vijana walichimba wakagonga jiwe, wakahamia pembeni wakagonga tena, mvua ikanyesha, mchungaji amesimama na kitabu chake chini ya mwavuli, wageni wa Bukoba wanatazama saa, na mume wangu yuko ndani ya jeneza anasubiri. Aibu ile shemeji hakuisahau. Akaapa kwamba mazishi ya pili hayatawakuta hivyo.

"Sikuchimba kaburi, shemeji. Nilipima tu. Hapa hapana mwamba, ni laini mpaka chini kabisa."

Alisema hayo kwa fahari ya fundi. Halafu akasikia mwenyewe alichosema, akaziba mdomo kwa mkono.

Nilikasirika mpaka kichefuchefu cha dawa kikaniisha. Niliogopa pia, nisijifanye shujaa. Adui yako akikupimia kaburi unamcheka. Mtu anayekupenda akikupimia, unajiuliza ameona nini ambacho wewe hukuambiwa. Nilisimama pale, binti amenishika kiwiko, nikawa natazama lile shimo. Udongo mweusi, mzuri, usio na jiwe hata moja. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Hapa changarawe haikuwepo.

"Nenda kaniletee chipukizi la enshakala," nikamwambia binti. Enshakala ndiyo ndizi ya kupika tuipendayo hapa kwetu.

"Mama, ukalale kwanza."

"Nitalala nikishapanda."

Akaleta. Shemeji akalishika wima, binti akarudishia udongo, mimi nikashindilia kwa mguu wangu, kiatu cha safari kikiwa bado mguuni. "Huu mkungu wake nitaula mimi," nikasema. "Na samadi utaleta wewe, kutoka zizini kwako, mpaka uzae." Mgomba wa hapa kwetu unakaa zaidi ya mwaka kabla hujaukata mkungu. Sote watatu tulilijua hilo. Shemeji akasema, "Haya," akaenda kuchukua toroli.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea. Rafiki yangu alikuja kesho yake na cherehani yake kichwani. Ni mshonaji, mtu wa Muleba, Mkatoliki. Mimi Mlutheri, na miaka yote tumetaniana nani ataachwa nje ya mlango wa mbinguni. Tangu niugue alikuwa ameacha utani huo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Waitu, mwenzangu, sasa unaumwa." Nikamwambia kama hatanitania arudi na cherehani yake, maana huruma ya bure imenijaa hapa ndani mpaka darini. Akanitazama, akasema, "Basi kitanda kipeleke karibu na mlango, ukaanze kupanga foleni." Nilicheka mpaka nikakohoa. Akanishonea kofia za vitenge kwa vipande alivyobakiza kwenye nguo za watu, nikawa naenda kliniki nimevaa sare ya harusi za watu nisiowajua.

Wageni ndio walionichosha. Wanaingia na nyuso za msibani, wanakaa kwenye mkeka, wanasema kwa sauti ya chini jinsi nilivyokuwa mkarimu. Nilivyokuwa! Nami nipo hapo nawasikia. Nikaweka sheria: anayekuja na uso wa msiba aende kwanza kupalilia, jembe liko nyuma ya mlango. Kina mama wa kwaya walidhani natania. Binti yangu akawapa majembe. Baada ya hapo walikuja wakiwa wamevaa nguo za shamba kabisa, wakilima huku wakiimba, na kibanja changu hakijawahi kuwa safi hivyo tangu niolewe.

Chakula kilikuwa vita nyingine. Dawa ile inabadilisha ulimi, kila kitu kina ladha ya msumari. Na kilichonikataa kuliko vyote ni ndizi. Harufu tu ya sufuria ikichemka ilinitoa nje mbio. Mimi Mnyambo, niliyekuzwa kwa ndizi, nazikimbia! Niliona haya, nikaona kama nimekuwa mgeni nyumbani kwangu. Rafiki yangu alikuwa ananipikia uji wa ulezi na ananisimamia kama askari. Nikisema sitaki, anasema mgonjwa haulizwi uji, anakijaza kikombe.

Halafu ikaja siku ambayo nilishindwa. Tulikwenda Mwanza, safari nzima ile, wakapima damu, wakasema iko chini, dawa haiwezi kutolewa, nirudi wiki ijayo. Tukarudi. Mdomo ulikuwa na vidonda, maji yakipita yanachoma. Nikajilaza, nikageukia ukuta, nikasema basi. Sirudi. Kama ni kufa, nitafia kwenye shuka zangu. Binti alilia akanibembeleza. Rafiki yangu akakaa pembeni ya kitanda na rozari yake, na mimi Mlutheri sikuwa hata na nguvu ya kumtania.

Ndipo shemeji akaja. Akasimama mlangoni, mtalimbo mkononi.

"Shemeji, nimesikia hurudi Mwanza."

"Umesikia vizuri."

"Basi naomba ruhusa niung'oe ule mgomba. Nikiuacha utashika mizizi, na baadaye utatusumbua."

Binti akasema, "Baba mdogo, una akili kweli?" Kikombe cha uji kilikuwa karibu na mkono wangu, nikakirusha. Kikagonga mwimo wa mlango, uji ukamwagika kifuani kwake. Hakujipangusa.

"Nguvu unazo," akasema. "Siku yako ikifika nakuja na pikipiki alfajiri. Uwe umeshavaa."

Akaondoka. Rafiki yangu ndiye aliyetoka kwenda kumwaga maji akamkuta nyuma ya jiko, amejiegemeza kwenye huo mtalimbo wake, analia kama mtoto. Alinieleza baada ya muda mrefu. Shemeji hajui kuwa najua, na mimi nimemwachia heshima yake.

Siku yangu ilipofika nilikuwa nimeshavaa. Tulikuwa bado hatujaachana na maneno mabaya, njia nzima mpaka Kayanga nilimtukania breki zake. Mwanza walipima, damu ilikuwa imepanda, wakanitundikia dripu. Nikaitazama inashuka tone kwa tone, nikasema moyoni, shuka, usinicheleweshe, nina mgomba nyumbani.

Dripu zikaisha. Titi likakatwa. Nililililia, siwezi kusema uongo, maana ndilo lililomnyonyesha binti yangu; kisha nikaacha kulia kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva na haimsubiri mtu. Kliniki bado naenda. Madaktari hawajaniambia nimepona, wananiambia nirudi waangalie. Sawa, nitarudi waangalie.

Na mgomba ukachanua. Kila aliyepita njiani aliuliza habari zangu kisha habari za mgomba, wengine walianza na mgomba. Mkungu ukawa mzito mpaka shemeji akauwekea mwega usianguke. Ulipokomaa akaja na panga, akauangusha begani kwake bila kuugusisha chini. Binti akaja kutoka Kihanga, rafiki yangu akaja na kisu chake mwenyewe cha kumenyea. Tulizipika na maharage, tukazifunika kwa majani ya mgomba huohuo. Walipopakua wote wakanitazama mimi. Nikawaambia kila mtu atazame sahani yake.

Nikala. Ulimi ulikuwa umerudi. Ilikuwa ndizi, ladha ya ndizi, ile ya tangu utotoni, na machozi yakanitoka nikiwa natafuna. Nikaongeza sahani ya pili.

Jioni kabla hajaondoka shemeji alikwenda kulisafisha shina, maana mgomba ukishazaa hukatwa, akaachwa mwanawe. Nikamfuata. Kulikuwa na machipukizi matatu.

"Niache lipi, shemeji?"

"Lile la upande wa kaburi. Ndilo lenye afya."

Akayakata mengine. Kisha akasimama, panga mkononi, akautazama udongo ule mweusi, akatazama kibanja kizima mpaka kwenye miti ya mpaka. Alikuwa na wasiwasi wa kweli usoni.

"Sasa shemeji, wewe tutakuja kukuweka wapi? Kwingine kote ni mwamba."

"Mtachimba huohuo mwamba," nikamwambia. "Anza kunoa sururu polepole. Sina haraka."