Bulonza na Chiriku Walionyang'anywa Mwalimu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa ziwa bado umelalia mtaa wa Nguba, na Mwananchi Bulonza anaponda yai la kuchemsha pamoja na kumbikumbi. Anachota kwa ncha ya kijiti, anapenyeza mkono tunduni, na midomo midogo myekundu ya vifaranga wa chiriku inapanuka kumpokea.

"Hawa bado hawajaharibiwa," anasema bila kugeuka. "Bale kule njo baliharibiwa."

Kule ni kwenye tundu la dirishani. Madume yaliyomo yana manyoya safi na macho maangavu. Yanapoimba, hutoka mkwaruzo mmoja tu, unaorudiwa na kurudiwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Bulonza anausikia kila siku, na kila siku unamtia hasira upya.

Alizaliwa Walungu, akalima maharage, akaja Bukavu baada ya kufiwa na mumewe. Majirani humwita Maman Apolline, ingawa jina hilo halimo kwenye kitambulisho chake tangu serikali ilipofuta majina ya Kikristo na kuagiza watu waitane Mwananchi. Kituo hiki cha utafiti wa ndege kilimwajiri kufagia. Vifaranga walipoonekana kuishi mikononi mwake na kufa mikononi mwa wengine, akakabidhiwa malezi.

Kazi yenyewe aliielezwa na Daktari Bisimwa, mtafiti wa kituo. Chiriku dume hazaliwi na wimbo. Akiwa mchanga humsikiliza dume mzima, kisha huanza kubwabwaja kama mtoto anayejifunza kusema, mpaka wimbo unyooke.

"Wakati huo ubongo wake unabadilika," anasema Bisimwa. "Kuna sehemu zake ndogo za kuongoza wimbo ambazo zinakua na kuungana kwa nyuzi. Njia inayotumika inaimarika, isiyotumika inakatika. Umri ukipita, kumfundisha kunakuwa kazi ngumu mno."

Kuyaona hayo lazima ubongo ukatwe vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini. Maana yake ndege anauawa, na Bulonza analijua hilo.

"Nililia mara ya kwanza," anasema. "Daktari akanieleza: kundi moja linasikia mwalimu, lingine halisikii, kisha tunalinganisha. Nikakubali. Kama wanakufa, wafe juu ya kitu, wasife bure."

Mwaka jana Bisimwa akiwa safarini Kinshasa, mkubwa mmoja wa chama tawala alitembelea kituo siku ya sikukuu ya chama. Akasikia dume mzima akiimba, mwalimu pekee aliyekuwapo kituoni, akamsifu. Mkurugenzi wa kituo akamshusha ndege na tundu lake, akampa mkubwa kuwa zawadi.

Bulonza alimfuata mkurugenzi ofisini.

"Chef, ule ndege iko mwalimu. Batoto banasikiliza sasa. Baadaye itakuwa bure."

"Ndege ni ndege, Bulonza. Tutakamata mwingine."

"Lini?"

"Unataka nimwambie mkubwa hapana, kwa ajili ya chiriku?"

Mchana ule ule alipanda kwa miguu hadi nyumbani kwa mkubwa, mtaa wa Muhumba. Alimkuta chiriku barazani, tundu limetundikwa kando ya redio iliyokuwa ikipiga nyimbo za chama. Ndege alikuwa amejikunyata, kimya. Kikombeni mwake kulikuwa na mkate uliolowekwa bia.

Alimwomba mke wa mkubwa, Maman Martine: "Munikopeshe ye asubuhi tu. Nitamurudisha mi mwenyewe."

"Zawadi hairudishwi, maman," alijibiwa. "Uende."

Juma halikwisha, ndege akafa. Vifaranga wote wakakua bila kielelezo, na hakukuwa tena na kundi la kulinganisha na lingine. Waliokwisha kuuawa, kwa maneno ya Bulonza, walikufa bure kabisa.

Aliyeadhibiwa ni yeye. Mkurugenzi alisema amemwaibisha mbele ya mkubwa, akamrudisha kwenye ufagio. Mpaka vifaranga wapya walipoanza kufa mmoja mmoja ndipo alipoitwa tena, bila neno la kuombwa radhi.

"Na mi sikumusamehe," anasema. "Padri aliniambia nisamehe. Nikamwambia, mon père, anisikilize kwanza yule aliyekosa."

Bisimwa anakiri kwamba yeye mwenyewe alilalamika kwa sauti ndogo. "Nina watoto wanaosoma," anasema, akitazama sakafu. Bulonza, mwenye watoto wanaosoma pia, anasafisha kijiti.

Vifaranga anaowalisha leo watafungua masikio karibuni. Jumamosi atapanda camionnette kwenda Walungu, ambako kaka yake Xavier amempata chiriku dume mwenye sauti nzuri kwenye shamba la mtama.

"Nitamutundika hapa, juu yabo," anasema, akionyesha msumari mpya ukutani. Kisha anafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake na kutoa ufunguo. Kufuli la tundu amelinunua mwenyewe. Hakumwomba mkurugenzi ruhusa.

"Mukubwa akikuja tena, bamupe mbuzi. Mbuzi haifundishi mutu kuimba. Lakini huyu, bapitie kwangu kwanza."