Kipkemoi na Panya Weusi

Bado nakataa. Kipkemoi amekufa, na mimi niliyekuwa naumwa kila mvua ikinyesha ndiye niliyebaki kuandika haya.

Wengi wenu hamkumjua. Miaka ya sabini tulichuma chai pamoja Kericho, yeye mwenyeji, mimi nimetoka mbali, Maragoli.

Homa ikipita kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, mimi nalala wiki mbili. Yeye anapita mlangoni na kikapu mgongoni: "Mtu wa kuku, bado unapumua?" Ndivyo walivyotutania sisi wa Maragoli, eti tunapenda kuku. Nilimchukia, jamani.

Alisema siri ni mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Nikanywa mwezi mzima. Nikaumwa tena.

Baadaye daktari mmoja mtafiti alituchukua tulishe panya kwenye lab yake. Mimi nikapewa weupe, Kipkemoi weusi. Wote wakatiwa virusi vya homa.

Wangu wakafa. Wake wakaendelea kula. Hata panya, aki!

Nikajua tu ni chakula. Nikabadilisha madebe kisiri, weupe wakala cha weusi. Wakafa wameshiba.

Daktari alipogundua nilidhani nimefutwa kazi. Akacheka. "Chakula ni kile kile. Hawa weusi wamezaliwa na kinga." Akaweka jike jeupe na dume jeusi pamoja. Watoto wao walipotiwa virusi, wakaishi.

Kipkemoi hakunipa nafasi. "Umeona? Leta binti yako kwa kijana wangu, turekebishe ukoo!"

Nikamrushia debe tupu.

Miaka ikapita, hao watoto wetu wakapendana wenyewe. Siku ya harusi akaninong'oneza kanisani: "Jike jeupe, dume jeusi." Nilicheka mpaka nikakohoa, mchungaji akatukazia macho.

Ijumaa alikunywa mursik yake, akaegemea kiti, basi. Hakuumwa hata saa moja. Kipkemoi, hata hapo umenishinda!

Jana tulikuwa matangani kwake Mogogosiek. Mimi na homa yangu kama kawaida. Mjukuu wetu Chebet akachukua kikombe changu cha chai, akanywa.

"Wacha, nitakuambukiza."

"Mimi? Mimi nimetoka kwa Babu Kipkemoi. Sishikwi na homa."

Iliniuma. Hata mtoto wa binti yangu ni wako, Kipkemoi.

Lakini nilimwachia kikombe. Akamaliza chai yote, hakupiga hata chafya.

Haya, lala sasa, ndugu yangu, wewe ambaye hukuwahi kulala mgonjwa. Wivu nimebaki nao. Na Chebet pia nimebaki naye.