Bodi Niliyoilalia Kaburini

Mtu akiniambia "msamehe, huyo ni mtani wako," mpaka leo natafuta kitu cha kumrushia. Nimezeeka, presha ninayo, na daktari amenikataza hasira na chumvi. Chumvi nimeacha.

Mashine iliyotugombanisha niliikuta Rudewa, nyuma ya klabu ya shamba la mkonge, miaka ile ya ruksa ambapo kila wiki ulisikia shirika fulani limeuzwa na watu fulani wamepunguzwa. Mimi nilikuwa nimeshapunguzwa. Miaka kumi na tatu nilitengeneza simu na ishara za reli, halafu nikajikuta fundi redio wa barazani kwangu Kilosa. Wenye shamba wapya walikuwa wanatupa vitu vya klabu: viti, friji, meza ya biliadi isiyo na kitambaa, na sanduku refu la mbao lenye kioo cha televisheni, vitufe viwili na usukani mfupi kama gia ya gari. Mashine ya gemu. Mchwa walikuwa wamekula miguu yake, na ndani yake kuku alikuwa anaatamia mayai. Nilipouliza kama naweza kuichukua, msimamizi alicheka, akasema niichukue pamoja na kuku. Kuku nilimwacha.

Nilikuwa naishi na mama. Alisuka mikeka tangu usichana wake, na alipoona trekta la jirani linashusha lile sanduku uani, aliuliza kama ni kabati. Nikamwambia ni mchezo wa Wazungu, umekufa, nataka kuufufua. Hakucheka. Kwa hilo tu namshukuru, maana mtaa mzima ulicheka.

Tatizo kubwa lilikuwa mchoro. Bila mchoro wa umeme fundi anapapasa tu, na ndani mlikuwa na fungu la waya nene kama mkono wangu, nyingine zimetafunwa na panya. Siku tatu niliitazama nikitukana. Siku ya nne mama akavuta kigoda.

"Huu ni ukili wa mkeka tu, mwanangu," akasema. "Tafuta mwanzo wa kila uzi, halafu usiuache."

Basi tukafanya hivyo. Yeye alifuata waya mmoja mmoja kwa vidole vile vilivyozoea kusuka milala, mimi nikachora kwenye daftari. Tulikwenda hivyo miezi saba. Kapasita za kile kioo zilikuwa zimekauka, nikatoa nyingine kwenye televisheni mbovu za watu. Nilitafuta transfoma ya kushusha umeme, nikachonga miguu mipya ya mninga. Bodi, lile bamba lenye mchezo wote ndani yake, ilikuwa imeota kutu ya kijani kwenye plagi. Nikaisugua kwa ufutio wa shule na spiriti mpaka ikang'aa. Betri yake ndogo ya kutunza kumbukumbu umeme ukizimwa ilikuwa imevuja. Nikaweka nyingine, nikaiunga kwa nyaya mbili nyembamba nilizobaki nazo kutoka reli, na mama akaifunga pembeni ya bodi kwa ukindu wa mkeka ili isining'inie.

Siku kioo kilipowaka, kindege kikatokea chini, vimondo vikaanza kushuka kutoka juu, na mama akanisukuma kwa kiwiko. Alisema wa kwanza ni yeye.

Alicheza kila siku baada ya sala ya alasiri. Mara ya kwanza alikufa kabla hajakaa vizuri. Baada ya wiki mbili aligundua kitu ambacho mimi fundi sikukiona: ukikiweka kindege kona ya kushoto kabisa, vimondo vingi havikufiki, unapiga kimoja kimoja bila haraka. Vijana waliotoka mjini walikuja wakirukaruka, wakafa. Yeye alikaa konani anasuka vimondo. Alishika namba moja katika orodha ya washindi, na hakuna aliyemfikia. Mashine ilimtaka aandike herufi tatu za jina lake. Hakujua kusoma, na hakutaka kusumbuliwa. Alibonyeza kitufe haraka haraka mpaka ikakubali. Ikabaki AAA, na mbele yake tarakimu sita zinazoanza na saba. Hizo nyingine sizikumbuki. Sikuziandika popote. Kwa nini niandike kitu kilichokwisha andikwa?

Sasa mtani. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na yeye nami tulicheza wote utotoni. Miaka ile alikuwa amefungua hoteli Mikumi, kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanaposimama. Alikuwa na mashine yake ya gemu, imekuja na kontena la mitumba, bodi imeungua. Na mimi mjinga, kwa kujisifu, nilimfungulia yangu na kumweleza kwamba bodi za namna ile zina plagi ya aina moja, unaweza kuchomoa hapa ukachomeka kule. Nilimfundisha mwenyewe.

Mama alifariki kwa homa ya siku nne. Kwenye matanga mtani alikuja amevaa khanga ya marehemu, anachechemea kama alivyochechemea yeye, anawagombeza watu kwa sauti yake. Tulicheka mpaka tukalia. Nilikihitaji kicheko kile, sitasema uongo. Halafu akaingia ndani, akatoka na ungo kichwani, na ndani ya ungo imo bodi.

"Nimebeba roho ya nyumba hii!" akapaza sauti. "Mkiitaka, ikomboeni!"

Mila inamruhusu. Mtani anachukua kitu msibani, wafiwa wanakikomboa kwa kitu kidogo, kicheko kinaisha, kitu kinarudi. Nilimpa jogoo. Akamla, akasema huyo ni wa kuonja. Nikampa beberu. Akamla, akasema huyo alikuwa na harufu. Matanga yalipoisha alipanda basi kwenda Mikumi na bodi yangu kwenye mkoba.

Nilimfuata. Nikakuta madereva wamepanga foleni mbele ya mashine yake, na kioo kinaonyesha mchezo wangu. Nilimwambia ukweli: namba ya mama imo humo, ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake.

Akaniwekea bakuli la supu. "Mama yako alikuwa mke wangu," akasema kwa sauti ya kusikika hotelini kote. "Mwache akae kwangu, apate hewa ya Mikumi."

Watu wakavunjika mbavu. Nikaondoka bila kugusa supu, nikaenda kushtaki kwa wazee wetu Kilosa. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakanisikiliza mpaka mwisho. Halafu mkubwa wao akaniuliza swali moja.

"Umemkasirikia?"

"Nimemkasirikia sana, mzee."

"Basi mwenye kosa ni wewe. Mtani hakasirikiwi."

Mwaka mzima na zaidi niliishi na hukumu hiyo. Mwenye kosa ni mimi! Nilikuwa nakaanga hasira asubuhi na kuila jioni. Sanduku lilisimama ukumbini na miguu yake mipya, kioo cheusi, na kila mgeni aliuliza linafanya nini.

Kisha baba yake mtani akafariki. Mzee mwema, aliyewahi kunibeba mabegani. Walikuwa na kwao kijijini, kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, na msiba ulikuwa huko. Nilifika asubuhi, nikatoa pole kwa wajane, nikapita moja kwa moja hadi makaburini. Wachimbaji walikuwa wanajifuta jasho. Nikavua viatu, nikashuka kaburini, nikalala chali.

"Sitoki," nikasema, "mpaka bodi yangu iletwe kutoka Mikumi."

Walicheka, bila shaka. Mtani kulala kaburini ni jambo la kawaida. Wakanitupia embe, wakanipa togwa ninywe, wakasubiri nitoke. Nikarudisha togwa. Ibada ikaisha, jeneza likafika, katekista akachungulia akaona nipo. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Vicheko vikapungua kimoja baada ya kingine, na mtani akaja ukingoni, macho yamevimba kwa kulia.

"Toka mtani, nakuomba. Nitakuletea mwenyewe kesho kutwa, taratibu."

"Taratibu umeshakula jogoo na beberu," nikamjibu. "Iletwe sasa hivi. Au mwenye kosa ni wewe?"

Hakuweza kunikasirikia. Na mimi nilijua hawezi, na nilifurahi, Mungu anisamehe, huku jeneza la yule mzee likiwa limewekwa juu ya mkeka mita mbili kutoka kichwani kwangu. Akamtuma shemeji yake na pikapu. Nilimpigia kelele kutoka chini kwamba akichelewa mvua itamkuta mzee nje. Alirudi baada ya saa moja na nusu, mbio, vumbi mpaka kwenye kope, bodi imefungwa kwenye kitenge. Ndipo nikatoka. Tukazika matone yakianza.

Shemeji alinikabidhi akihema. "Nimeivuta hivyohivyo, kaka, kwa haraka uliyonipa," akasema. "Mtani wako huwa hataki mtu aiguse. Akizima mashine anakagua kwanza ile betri. Na yule wa AAA pale juu, madereva wamemhangaikia mwaka mzima. Jana usiku alikuwa bado namba moja."

Nilifungua kitenge. Betri ilikuwa inaning'inia kwa waya mmoja. Waya wa pili ulikuwa umekatika, na ukindu wa mama umepasuka katikati.

Nyumbani niliunga waya. Nilijua haisaidii kitu, nikaunga. Nikachomeka plagi, nikawasha, nikasubiri orodha ya washindi. Ikaja ile ya kiwandani, ambayo mashine hujiandikia yenyewe ikipoteza kumbukumbu: mistari kumi, yote AAA, yote elfu kumi kamili.

Nilikuwa bado nimesimama hapo mtani alipobisha hodi, na udongo wa kaburi la baba yake ungali kwenye viatu. Akatazama kioo, akahesabu mistari kwa kidole, mara mbili. Nilingoja atanie. Hakutania, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumpiga.