Mstari Wangu Katika Shamba la Mama wa Kipa

Nimerudi kwetu Buswelu, na nyumba yangu ya matofali ya kuchoma iko karibu na kiwanja cha mpira, kwa hiyo kila jioni nasikia ugomvi. Vijana wanagombania kitambaa cha unahodha. Juzi wawili walikivuta mpaka kikachanika, mmoja akabaki na kipande mkononi anapiga kelele, "Nani anafunga mabao hapa? Nani?" Mechi yenyewe ilikuwa haijaanza. Nilifunga dirisha kwa hasira. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba swali lile niliwahi kuliuliza mimi, mwaka ule tuliopata Uhuru, na jibu nililopewa linanikera mpaka leo.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Unajua mimi si mtu wa kubahatisha. Nimetoka kwenye nyumba ya nyasi, nikasoma kwa jasho langu mwenyewe, na nina diploma ya uongozi yenye muhuri mwekundu. Nimeitundika sebuleni, mgeni akiingia ndicho kitu cha kwanza anachokiona. Nimekalia viti vikubwa mikoa mitatu. Kwa hiyo nikisema nahodha wetu wa wakati ule hakujua mpira, naomba uniamini.

Hakujua kabisa. Akiupiga, tulikwenda kuutafuta kwenye pamba. Alicheza beki kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumweka. Alikuwa nahodha kwa kuwa alikuwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana wa kijiji, yule aliyetuongoza kulima. Kwetu kundi la kulima na timu ya mpira vilikuwa kitu kimoja. Hata mpira wetu wa ngozi, ule wa kufungwa kwa kamba kama kiatu, tuliupata kwa pamba tuliyolima pamoja. Basi wenzangu waliona ni sawa kabisa kwamba anayetangulia shambani atangulie na uwanjani.

Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Nilikuwa na mbio, nilikuwa darasa la nane, na mabao karibu yote yalikuwa yangu. Niliwaambia kwamba nahodha ni mchezaji bora, hata mwalimu wetu alisema hivyo. Wakanitazama kana kwamba nimesema ng'ombe anataga.

"Wewe ukitangulia," kipa aliniambia, "sisi tutakufuata vipi? Tukigeuka hivi, umeshafika Magu!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka.

Siwezi kukataa kwamba kulima kulikuwa kutamu. Tulitoka kukiwa na umande, miguu inalowa mpaka magotini, jembe begani. Kila mtu alipewa mstari wake, na wimbo ukianza majembe yalipanda na kushuka pamoja, udongo ukinuka mvua. Aliyechelewa hakuachwa. Nahodha alirudi nyuma, akaingia kwenye mstari wa yule mchovu, wakalima wawili mpaka wakatufikia. Jambo hilo lilinichosha moyo, maana mimi nilikuwa nimemaliza zamani na ilinibidi nisimame pale kama mti. Jua likipanda, mwenye shamba alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga, na togwa baridi kwenye kibuyu. Tulikula juu ya jiwe kubwa, na kwa mbali ziwa liling'aa kama bati jipya.

Sherehe za Uhuru zilipokaribia, habari ikaja kwamba tutacheza mjini na timu ya vijana wa Mirongo. Wale walikuwa na viatu. Bibi yangu aliyenilea, ambaye hakuwa amewahi kutazama mpira maishani mwake, alisema atatembea mpaka mjini kuniona. Alinifulia kaptula mara mbili kabla haijachafuka.

Siku mbili kabla ya mechi ilikuwa zamu ya kulima kwa mama wa kipa. Alikuwa mjane, mvua zilikuwa zimeshaanza, na shamba lake lilikuwa bado majani matupu. Mimi sikwenda. Nilitembea mpaka Mirongo, nikajibanza karibu na mto, nikawatazama wapinzani wetu wakifanya mazoezi. Nilikaa pale saa nzima na njaa yangu. Je, huo si uongozi? Nani mwingine katika timu nzima aliwaza kufanya hivyo?

Nilirudi jioni mbio mbio, nikamkuta nahodha nje ya zizi la ng'ombe wao, anakwangua udongo kwenye jembe.

"Nimeiona siri yao!" nikamwambia.

"Ulikuwa wapi leo?"

"Si nakwambia? Mirongo. Kwa ajili ya timu."

"Timu ilikuwa kwa mama wa kipa," akasema.

Hakupandisha sauti. Alisema mstari wangu wameuacha na majani yake katikati ya shamba. Niende kesho asubuhi nikaulime, nichukue na kibuyu cha togwa kama faini, yaishe. Nisipoulima, sichezi.

"Nani anafunga mabao hapa?" nikafoka. "Nani?"

"Wewe," akasema, akaendelea kukwangua. "Kesho asubuhi."

Mtu anakubali kwamba mimi ndiye mfungaji, halafu anasema sichezi! Nilirudi nyumbani nikamweleza bibi. Bibi aliposikia, alitoa unga wa mtama akauweka karibu na mafiga.

"Nikupikie togwa, mjukuu wangu. Mstari mmoja tu, utamaliza kabla jua halijawa kali."

"Sitaki, bibi. Wataniita wenyewe."

Asubuhi ikapita. Hawakuniita.

Siku ya mechi nilikwenda nao, nikasimama pembeni nimeshika mashati yao. Mahali pangu aliwekwa kijana aliyekimbia kama bata. Kufika mapumziko tulikuwa tumeshafungwa moja. Nahodha akanijia, jasho linamtiririka.

"Kule Mirongo uliona nini? Tuambie."

"Nichezeshe kwanza."

Siku zile kubadili mchezaji halikuwa jambo la kawaida, lakini ile ilikuwa mechi ya sherehe, mwamuzi asingekataa. Nahodha alinitazama kidogo, halafu akasema, "Basi, kaa nayo." Akarudi kwa wenzake.

Nikakaa nayo. Kipa wa Mirongo alikuwa hadaki mpira wa chini upande wa kushoto, na katika watu wetu wote pale nilikuwa mimi peke yangu ninayejua. Cha kuudhi zaidi, lile bao letu moja liliingia hapo hapo, chini kushoto, kwa bahati tu, na aliyelifunga ni yule bata. Tulifungwa mbili kwa moja. Hakuna aliyemlaumu nahodha. Walirudi Buswelu wanaimba, mkono wa huyu begani kwa yule, utadhani wamebeba kombe. Mimi nilifuata nyuma na bibi.

"Nimetembea kote huku," bibi akasema, "kuja kuona mtu ameshika mashati."

Baada ya mwezi nilipata nafasi ya shule ya bweni, mbali. Siku ya kuondoka, nikiwa na sanduku langu la mbao kichwani, nilipita karibu na lile shamba. Mahindi yalikuwa yameshafika magotini pande zote mbili, na katikati mama wa kipa alikuwa ameinama, analima ule mstari peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo unakwenda shule? Usome sana."

Akainamia tena jembe lake. Ningeweza kulitua sanduku. Lakini lori lilikuwa linasubiri barabarani, nami nilikuwa nimevaa viatu.

Basi nikasoma, kama alivyosema. Siku hizi hapa hakuna tena kundi la kulima. Shamba lile lina nyumba za kupanga na jiwe letu limepasuliwa kokoto. Nahodha amekufa, na wanasema waliomzika walijaa mpaka njiani. Mimi nimeongoza watu wengi kuliko yeye, na nimewafundisha wengine kuongoza. Ila siku nilipostaafu nilibeba maboksi yangu mwenyewe mpaka kwenye gari.

Wiki iliyopita nilimpata kipa wetu huko Mabatini, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli. Alinifurahia sana, akanipangusia kiti. Nikamtajia ile mechi, zile mbili kwa moja.

"Kwani tulifungwa?" akauliza, kweli kabisa hakumbuki. "Mimi nakumbuka ule mwaka mama alivyopata mahindi mpaka akagawa."

Akaanza kuhesabu timu kwa vidole, mmoja mmoja, nani alicheza wapi na nani ameshatangulia mbele za haki. Alipofika kwa winga wa kushoto alimtaja yule bata, akacheka kwa upendo. Wakatimia kumi na mmoja.

Nilisubiri. Akanitazama kwa heshima, kitambaa cha grisi mkononi.

"Wewe wakati ule ulikuwa shule, siyo?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa shule.