Sanduku la Baridi Lililojaa Soda

Kwenye kituo cha afya walimwita Mama Fomu, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na mmoja aliorodhesha magonjwa ambayo sheria inataka yatolewe taarifa: kipindupindu, surua, kichaa cha mbwa, kupooza kwa ghafla. Kila Jumatatu alituma hesabu wizarani, hata ikiwa sufuri tupu. Mumewe, fundi cherehani, alizoea kumtania, "Mke wangu, siku ukiniorodhesha mimi, niwekee ugonjwa wa maana."

Jumatatu hiyo aliwahi kazini kuliangalia sanduku la baridi. Ndani yake alikuwa ameacha chupa mbili za choo cha mtoto wa miaka mitatu, binti wa mama muuza mkaa, ambaye miguu ilimlegea ghafla. Moja ilichukuliwa Jumamosi, nyingine Jumapili, kwa kuwa utaratibu unataka sampuli mbili zilizopishana kwa siku nzima, zisizokosa baridi, tena kabla ya siku kumi na nne kupita tangu miguu ilegee. Siku hizo zikishapita, maabara ya taifa haiwezi kusema kwa uhakika kama ni polio. Leo ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Sanduku halikuwepo. Chupa zilikuwa dirishani, juani, za moto mkononi, na nzi wawili walikuwa wakizunguka vifuniko.

Alilikuta ukumbini. Siku hiyo kituo kilikuwa na semina, tena semina ya ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza, na sanduku lilikuwa chini ya meza, limejaa soda. Mkuu wa kituo alichota vipande vya barafu humo kwa mkono wake, akavitia kwenye glasi ya afisa mgeni. Afisa alimung'unya kimoja, kafumba macho kwa raha.

Mama Fomu alimsogelea.

"Mkuu, zile sampuli nani kazitoa?"

"Mbona uso wa matanga? Salimia wageni kwanza." Mkuu alimvuta pembeni, akashusha sauti. "Nimezitoa mimi. Zilishapoa. Gari la maabara likija, zirudishe, ujaze 'hali nzuri'. Nani atajua?"

"Kama virusi vilikuwemo, joto limeshaviua. Hawataona kitu, na mtoto ataandikwa hana polio."

"Si ndiyo habari njema hiyo?"

Mama Fomu alimtazama: shati lililonyooshwa vizuri, tone la soda kwenye masharubu, uso mkavu. Miaka yote hiyo alikuwa amefunga choo cha watu kwenye chupa bila hata kuziba pua. Sasa alirudi nyuma hatua moja ili pumzi ya mtu huyu isimguse.

Aliinama, akalivuta sanduku, akaanza kuzipanga soda sakafuni.

"Vipi tena, dada?" afisa akauliza.

"Samahani, kaka. Humu kulikuwa na kinyesi tangu juzi. Nalihitaji."

Afisa alikitemea kile kipande kiganjani.

Mama Fomu alilisugua sanduku kwa dawa, akaomba barafu kwa muuza samaki, akaenda kwa muuza mkaa.

"Tena?" yule mama alisema, mikono kiunoni. "Mara mbili hazitoshi? Kwani mnakula?"

Angeweza kudanganya. "Zimeharibika, dada. Tumeziharibu sisi wenyewe. Sanduku lilitumika kupozea soda."

Yule mama alisema polepole, "Nyie watu mnatia kinyaa."

"Kweli kabisa."

Walimkalisha mtoto kwenye beseni, mama kamshika makwapani kwa kuwa miguu haikumbeba. Choo kilipatikana kabla ya saa sita mchana. Kesho yake, siku ya kumi na nne, kilikataa. Gari la maabara lilikuwa lipite saa nane. Saa sita hakuna kitu, saa saba hakuna kitu. Mtoto alijikamua mpaka machozi yakamtoka, mama akimpapasa tumbo kwa mkono mmoja, kikombe cha uji mkono wa pili. Saa saba na nusu kikatoka, kidogo mno. Kilitosha.

Aliifunga chupa, akatoka mbio. Kituoni alijaza fomu. Mahali pa maelezo aliandika wazi sampuli za kwanza zilitolewa kwenye baridi na nani, na kwa ajili ya nini.

Mkuu alisoma juu ya bega lake. "Ukiituma hiyo, kesho usikanyage hapa."

Aliitia kwenye bahasha, akaubana mfuniko wa sanduku, akamkabidhi dereva mkono kwa mkono. Alisimama mpaka gari likapinda kona. Kisha akachukua mkoba wake na kikombe chake, akapita kwa muuza mkaa.

"Zimeondoka zikiwa na baridi," alisema.

Yule mama hakumshukuru. Alikuwa akimkanda mtoto miguu. "Na majibu ataleta nani? Asije yule mkubwa wenu humu ndani kwangu."

"Nitaleta mimi."

"Una uhakika?"

"Hata wakinifukuza," Mama Fomu akasema, akakaa chini kushika mguu wa pili.